Muziki nyumba nzima kutoka kompyuta moja, bila waya na bila kula bando: nilivyofanya nyumbani Tanga

Pwani_Sauti (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Miaka mingi nimekuwa msomaji tu humu. Leo naleta uzi mrefu kwa sababu kuna jambo watu wengi wanaliogopa bure wakidhani ni la wenye pesa. Muziki uliomo ndani ya kompyuta yako unaweza kulia jikoni, sebuleni na barazani kwa wakati mmoja, bila waya kupita chini ya zulia, na bila kutumia hata kilobaiti moja ya bando.

Naanza na hilo la bando kwa sababu ndilo linalowakimbiza watu. Ruta na intaneti ni vitu viwili. Ruta ni uwanja wa kijiji, intaneti ni barabara ya kwenda mjini. Watu wa kijiji kimoja wakikutana uwanjani hawalipi nauli. Kompyuta ikituma wimbo kwenda kwenye kifaa cha sebuleni, wimbo unafika kwenye ruta na kugeuka humo humo. Bando likiisha, muziki unaendelea. Mimi nimejaribu kwa kuchomoa kabisa laini ya simu kwenye ruta: barazani hawakujua kama kuna kitu kimetokea. Linganisha na kusikiliza kupitia intaneti kwa ubora wa kilobiti 320 kwa sekunde, ambapo saa moja inakula megabaiti 144. Nyumba inayofungulia muziki kuanzia asubuhi hadi usiku, piga hesabu mwenyewe.

Sasa kisa chenyewe. Mzee wangu ana kanda nyingi za taarabu, zikiwemo za Black Star na Lucky Star, vikundi vya hapa hapa Tanga. Zimekaa kwenye boksi miaka na miaka. Nilipozihamishia kwenye kompyuta, nikajikuta nimezifungia tena, safari hii ndani ya mashine anayoitumia mtu mmoja chumbani. Mama anapika uani hasikii, mzee yuko barazani hasikii. Nikanunua spika ya Bluetooth. Wiki ya kwanza furaha, kisha matatizo yakaanza: nikipigiwa simu muziki unakatika nyumba nzima, nikitoka na simu muziki unaondoka na mimi, na spika ikipelekwa uani ukuta wa pili unaimaliza. Hapo nikaona njia sahihi ni muziki ukae sehemu moja isiyotembea, na kila chumba kiwe na kitu cha kuupokea.

Vifaa nilivyotumia, karibu vyote vilikuwa vimetelekezwa ndani:

Laptopu ya zamani yenye RAM ya gigabaiti 4, kioo kimepasuka. Hii ndiyo ghala. Nimeiwekea Linux na programu ya Lyrion Music Server, ya bure, inayokwenda pia kwenye Windows na Mac. Programu hii ina historia inayonipa imani nayo. Ilianza 2001 na kampuni ndogo ya California, Slim Devices, iliyotengeneza kifaa cha kupokea muziki kutoka kompyuta. Mwaka 2006 Logitech wakainunua kampuni, 2012 wakaacha kutengeneza vile vifaa. Kwa kawaida kitu kama hicho hufa. Lakini programu ilikuwa huria, watumiaji wakaishikilia wenyewe, na 2024 ikapata jina hili la Lyrion. Zaidi ya miaka 20 na bado inatunzwa.

Sebuleni kuna sabufa ya kawaida yenye tundu la AUX. Nyuma yake nimebandika Raspberry Pi 3 ya mtumba, kompyuta ndogo ya ubao mmoja inayoenea kiganjani. Barazani ipo redio kaseti ya mzee, nayo ina AUX, imepata Pi Zero W, ndugu yake mdogo zaidi. Jikoni nimeweka simu ya Android iliyovunjika kioo, imechomekwa kwenye spika ndogo. Zipo programu zinazoigeuza simu kuwa mpokeaji wa Lyrion, na ikiwa haina laini ndani hakuna wa kuipigia.

Kwenye zile Pi mbili nimeweka piCorePlayer, mfumo wa bure unaoigeuza Pi kuwa mpokeaji wa Lyrion. Nawaomba mnaoishi maeneo ambayo umeme unakatika ovyo mlizingatie hili. Mifumo mingi ya Pi huandika vitu kwenye kadi ya kumbukumbu muda wote, umeme ukikatika ghafla kadi inaweza kuharibika na kifaa kisiwake tena. piCorePlayer ikiwaka inajipakia yote kwenye RAM na kuiacha kadi ipumzike. Kwangu umeme umekatika mara nisizoweza kuhesabu. Ukirudi, kila kitu kinajiwasha chenyewe na mama anaendelea kusikiliza bila kuniita.

Angalizo la sauti: tundu la sauti la Pi 3 lina mvumo unaosikika muziki ukiwa chini, na Pi Zero haina tundu kabisa. Tafuta kadi ndogo ya sauti ya USB, ile inayofanana na flashi. Tofauti yake ni kubwa, hasa kwenye udi na fidla. Na chaja iwe ya volti 5 yenye ampea 2.5 za kweli kwa Pi 3. Chaja dhaifu zilinisumbua siku nne nikidhani kosa liko kwenye programu.

Ukishafunga Lyrion unafungua kivinjari chochote nyumbani, unaandika anwani ya IP ya kompyuta yako na kufuatisha nukta pacha na 9000. Unaionyesha folda ya muziki, inasoma kila faili, kisha vyumba vyako vinajitokeza vyenyewe kwa majina utakayovipa. Kwangu panasomeka Sebule, Jiko, Baraza. Mama anachagua wimbo kwenye simu yake, simu ni rimoti tu, muziki hautoki humo.

Karibuni kwa maswali.

---

Kijana_wa_Sinza

Mkuu umeshusha nondo. Lakini mimi nina chumba kimoja na sebule. Kuna haja ya yote haya? Bluetooth si inatosha?

---

Pwani_Sauti

Kwa chumba kimoja na sebule inatosha mkuu, usinunue kitu. Bluetooth ya kawaida inafika kama mita 10 pakiwa wazi, wewe huzifikishi.

Ila kama una faili nyingi kwenye kompyuta na unataka kuanza bila gharama yoyote, weka VLC, programu ya bure ya kuchezea muziki na video, kwenye simu au kwenye runinga ya Android, kisha uishirikishe folda ya muziki kwenye mtandao wa nyumbani. Ndani ya VLC kuna sehemu ya mtandao, utaiona kompyuta yako humo. Hapo unapata chumba kimoja kwa wakati mmoja. Lyrion inahitajika unapotaka vyumba vitatu vilie pamoja.

---

Darajani88

Ndugu zangu, mimi niko Mji Mkongwe, Unguja. Nyumba yetu ni ya zamani, kuta za mawe na chokaa, unene wake ukiupima unakaribia nusu mita. Ruta iko chini. Ukipanda juu Wi-Fi haipo, na fundi aliyekuja aliniambia ninunue ruta yenye masafa ya 5 GHz kwa sababu "ina nguvu". Nimenunua, hali imekuwa mbaya zaidi. Nifanyeje?

---

FundiRuta

Darajani88, pole. Hiyo 5 GHz inabeba data nyingi kwa kasi, lakini inashindwa na ukuta mapema kuliko 2.4 GHz. Kwenye nyumba ya kuta kama zako ni kinyume cha ulichohitaji.

Na muziki hauhitaji kasi hiyo. Fanya hesabu ya CD: sampuli 44,100 kwa sekunde, kila moja biti 16, mara pande mbili, kushoto na kulia. Unapata biti 1,411,200, yaani kama megabiti 1.4 kwa sekunde. Ukihifadhi kwa FLAC, aina ya faili inayobana sauti, inashuka hadi kama nusu yake au kidogo zaidi, bila kupoteza chochote katika sauti. Vyumba vitano vikilia kwa pamoja bila kubana kitu bado hujavuka megabiti 8. Ruta ya zamani ya 2.4 GHz inaziweza. Muziki unachohitaji ni mawimbi yasiyokatikakatika.

Kwako dawa ni waya mmoja tu. Najua uzi unasema bila waya, lakini nyumba za mawe zina sheria zake. Pitisha waya wa ethaneti kwenye ngazi au kwenye uwazi wa katikati ya nyumba, upande nao mpaka juu. Huko juu chomeka ile ruta ya zamani uliyoiacha, uigeuze kuwa kituo cha Wi-Fi tu. Izimie kazi ya kugawa anwani za IP, hiyo iachiwe ruta ya chini peke yake. Ukisahau hatua hii utakuwa na ruta mbili zinazogawa anwani kila moja kivyake, na vifaa vya juu havitaviona vya chini. Chaneli pia zitofautiane: kama ya chini iko 1, ya juu weka 6 au 11. Hizo tatu ndizo zisizoingiliana kwenye 2.4 GHz. Usitoboe ukuta wa watu wa kale kwa ajili ya hili.

---

Darajani88

Uwazi wa katikati upo, tena ndipo bomba la maji lilipopita. Nitafuata njia hiyo hiyo. Ahsante sana.

---

Mama_Nuru

Wanangu, hamjambo. Mimi si mtu wa mitambo, nimeletwa kwenye uzi huu na binti yangu. Marehemu mume wangu aliacha kanda 43, nyingine amejirekodia mwenyewe harusini na kwenye redio. Mleta uzi, umesema ulizihamisha kanda za baba yako kwenye kompyuta, lakini hukueleza namna. Mimi nataka kujua hapo kwanza. Hayo ya vyumba yatafuata.

---

Pwani_Sauti

Shikamoo mama. Pole kwa msiba, na hongera kwa kuzitunza. Hilo la kanda nililipita haraka na sikutenda haki, maana ndilo lililochukua miezi, hayo mengine yalikuwa ya wikiendi mbili.

Kwanza, mama, usizicheze kabla ya kuiangalia deki. Fungua mlango wa kanda, utaona kipande kidogo cha chuma kinachong'aa katikati, hicho ndicho kichwa cha kusomea. Kando yake kuna kigurudumu cha mpira. Miaka ikipita, unga wa kahawia wa kanda huganda hapo. Chukua pamba ya kusafishia masikio, ichovye kwenye spiriti safi ya dukani, futa taratibu mpaka pamba itoke nyeupe. Kichwa kikiwa kichafu sauti inakuwa nzito, kama mtu anaimba nyuma ya pazia, na ukirekodi hivyo umeirekodi hivyo milele.

Pili, kanda iliyokaa miaka bila kuchezwa izungushe mbele mpaka mwisho kisha irudishe mpaka mwanzo, ndipo uicheze. Mkanda unajilegeza na kujipanga upya.

Tatu, waya. Unatoka kwenye tundu la kutolea sauti la deki kwenda kwenye kompyuta. Hapa wengi wanakosea, nami nilikosea. Laptopu nyingi zina tundu moja tu ambalo linapokea maikrofoni, tena ya upande mmoja, na linaikuza sauti mno. Ukichomeka deki hapo unapata sauti iliyopasuka. Nunua kadi ya sauti ya USB yenye tundu la kuingizia sauti ya pande mbili. Muulize muuzaji hivyo hivyo: ya kuingizia, pande mbili, siyo ya maikrofoni.

Nne, programu inaitwa Audacity, ni ya bure. Kabla ya kurekodi, cheza sehemu yenye kelele kuliko zote kwenye kanda, uangalie mstari wa kipimo. Kilele kiishie karibu na desibeli hasi 6. Kikigonga sifuri, hapo sauti imekatwa kichwa na hairudi.

Hakuna njia ya mkato ya muda. Kanda ya dakika 60 inarekodiwa kwa dakika 60. Kanda 43 ni kama wiki kadhaa za jioni jioni. Mimi nilikaa na mzee pembeni nikirekodi, na yeye akawa ananitajia nani anaimba, nani anapiga akodiani, harusi ilikuwa ya nani. Nikaandika yote. Mama, kwa zile alizorekodi marehemu mwenyewe, kaa na binti yako umwambie majina ya watu wanaosikika. Maelezo hayo hayamo kwenye mkanda, yamo kwako.

Mwisho, hifadhi kwa FLAC, usihifadhi kwa MP3 peke yake. MP3 unaweza kuitengeneza kutoka FLAC siku yoyote, kurudi nyuma haiwezekani. Nakala ziwe mbili, moja kwenye diski ya nje inayokaa nyumba nyingine.

---

Mama_Nuru

Marahaba mwanangu. Nimeelewa kila neno. Binti ameandika kwenye daftari.

---

FundiRuta

Naongeza la wenye iPhone, maana mleta uzi hakuligusa. Mwaka 2004 Apple walitoa AirPort Express, kijisanduku cha kuchomeka kwenye soketi kikiwa na tundu la sauti. Uliunganisha na redio yako, kompyuta ikakitumia muziki kwa Wi-Fi. Njia hiyo iliitwa AirTunes, 2010 ikawa AirPlay. Ilifungwa kwa ufunguo wa siri, vifaa visivyo na idhini havikuruhusiwa. Mwaka 2011 mtu aitwaye James Laird akautoa ufunguo huo ndani ya AirPort Express na kuuweka hadharani pamoja na programu ya Shairport. Ndiyo maana leo Raspberry Pi yenye Shairport Sync inaonekana kwenye iPhone kama spika halali. Lakini AirPlay ya kawaida huchelewesha sauti kama sekunde mbili ili kujiwekea akiba. Kwa muziki hakuna shida. Kwa filamu ambayo picha inatoka kwingine, midomo na maneno havitakutana.

---

Kijana_wa_Sinza

Nimerudi wakuu. Nimeshawishika, nikapata laptopu ya kaka yangu, nimefunga Lyrion kwenye Windows. Kwenye laptopu yenyewe ukurasa unafunguka vizuri. Kwenye simu hakuna kitu, inazunguka tu mpaka inakata tamaa. Wote tuko Wi-Fi moja, natumia ruta ya 4G ya mkononi. Nimefuta na kufunga upya mara tatu.

---

Pwani_Sauti

Usifute tena mkuu, programu haina kosa. Angalia vitu viwili.

Windows ulipoiunganisha na Wi-Fi iliuliza kama mtandao ni wa umma au binafsi. Ukichagua wa umma, inajifungia isionwe na vifaa vingine, kama vile uko stendi. Ingia kwenye mipangilio ya Wi-Fi uibadilishe kuwa binafsi.

Ikigoma, tatizo ni ruta. Nyingi za 4G, na karibu kila mtandao wa wageni kwenye ruta kubwa, zina kipengele cha kuvitenga vifaa: kila kimoja kinaona intaneti lakini havionani vyenyewe. Hotelini hicho ni kizuri, nyumbani kinaua muziki. Kizime ndani ya mipangilio ya ruta.

Na mpangie laptopu anwani moja ya kudumu kwenye ruta, halafu iamuru isilale hata ukifunga kifuniko.

---

Kijana_wa_Sinza

Ilikuwa ruta. Nimezima ule utengaji, simu imeona hapo hapo. Ubarikiwe mkuu.

Swali la mwisho: nimeunganisha simu mbili, moja sebuleni moja chumbani, nikazifunga pamoja. Zinalia wimbo mmoja lakini kuna mwangwi, kama msikiti wenye spika mbili.

---

Pwani_Sauti

Umefika kwenye sehemu ninayoipenda kuliko zote, nivumilie kidogo.

Kila kifaa kina fuwele ndogo inayohesabu muda, na hakuna mbili zinazolingana kabisa. Chukua tofauti ya sehemu 50 kwa milioni, kitu cha kawaida kwenye vifaa vya bei rahisi. Kwa saa moja vifaa vinakuwa vimeachana kwa milisekunde 180. Sikio linagundua mwangwi kabla hata hujafika huko. Ndiyo maana ukibonyeza simu mbili pamoja kwa mkono zinaanza sawa na kumaliza zikiwa zimepishana. Lyrion inaviuliza vifaa kila wakati viko wapi ndani ya wimbo, kinachotangulia kinasubirishwa, cha nyuma kinarushwa mbele kidogo, kiasi usichokisikia.

Ila kuna ucheleweshaji ambao Lyrion haiuoni: muda ambao simu yenyewe inachukua kutoa sauti baada ya kuipokea. Simu za Android zinatofautiana sana hapo, na huo ndio mwangwi wako. Kwenye mipangilio ya kila kifaa, sehemu ya ulinganifu, kuna mahali pa kuandika ucheleweshaji kwa milisekunde. Weka wimbo wenye mapigo makavu ya ngoma au kengele, simama mlangoni katikati ya vyumba viwili, ongeza kumi kumi mpaka mapigo mawili yawe moja. Simu ya jikoni kwangu ilihitaji 90.

Usitafute ukamilifu lakini. Sauti yenyewe inatembea kama mita 340 kwa sekunde, spika iliyo mita 10 mbali zaidi inakufikia ikiwa imechelewa milisekunde 29 hata mitambo ikiwa sawa kabisa. Linganisha mahali watu wanapokaa. Mimi nililinganisha kwenye kizingiti kati ya baraza na sebule, kwa sababu hapo ndipo mzee anapoweka kiti chake.

---

Darajani88

Mrejesho: waya umepita kando ya bomba, ruta ya zamani iko juu, chaneli 11. Ghorofa zote mbili zinaimba. Bibi ameuliza redio gani inayopiga nyimbo za zamani tupu bila matangazo.

---

Mama_Nuru

Wanangu, tumeanza. Kanda ya kwanza imeingia, ni ya harusi ya shemeji yangu. Lakini upande mmoja uko chini, kama unanong'ona. Ni kanda imeharibika?

---

Pwani_Sauti

Mama, geuza waya kwenye deki: wa kushoto uweke kulia, wa kulia kushoto. Kama mnong'ono umehamia upande wa pili, kosa liko kwenye deki na siyo kompyuta, na mara nyingi ni kichwa bado kichafu upande mmoja. Kisafishe tena, usiifute ile ya kwanza mpaka ya pili iwe nzuri.

---

Mama_Nuru

Mnong'ono ulihama. Tumesafisha tena, pamba ilitoka nyeusi mara mbili, ya tatu ikatoka nyeupe. Sasa pande zote zinalia sawa, na nimemsikia marehemu akikohoa mwanzoni kabla ya kusema "tayari". Sikujua kama yumo. Zimebaki 42.